Yadi za Reli na Ndege Nyepesi za Mabomu: Kundi la 416 Nchini Ufaransa, 1944

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliostaafu kazi ya reli, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie vita vya anga, na kwa desturi mtu anayepewa mada hiyo huanza na ndege. Mimi naomba nianze na yadi ya reli, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Marubani wa ndege nyepesi za mabomu waliotumwa mwaka 1944 kuzipiga yadi za reli za Ufaransa na Ubelgiji, nchi zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani, hawakufanikiwa kwa kukata reli, kwa kuwa reli iliyokatwa huungwa; walifanikiwa kwa sababu walishiriki, wao na wenzao wengi, kuumaliza uwezo wa kuziunga. Na sehemu kubwa ya gharama ya mafanikio hayo ililipwa na watu ambao hawakuwa adui wa yeyote aliyekuwa angani, yaani wafanyakazi wa reli na jamaa zao waliokaa kando ya njia hizo.

Wazee wetu wa reli hawahitaji kuambiwa yadi ni nini, lakini vijana wengi hapa wamezaliwa wakati ambapo mizigo husafiri kwa malori, kwa hiyo nitaeleza. Treni ya mizigo haizaliwi ikiwa imekwisha kupangwa. Mabehewa huja kutoka huku na kule yakiwa yamechanganyika, lazima yatenganishwe, yapangwe upya kulingana na yanakokwenda, yafungwe pamoja na kupewa injini mpya. Kazi hiyo ndiyo ya yadi. Njia mbili au tatu zinaingia upande mmoja, zinafunguka na kuwa ishirini, thelathini au zaidi, kisha zinajikusanya tena upande wa pili. Pale zinapobanana, penye pointi nyingi za kubadilishia njia, ndipo mtu akiharibu anaharibu kwelikweli, kwa maana kila pointi imetengenezwa kwa vipimo vyake na haiwezi kuzibwa kwa kipande chochote cha reli kilichookotwa jirani. Kando ya njia hizo kuna banda la injini na meza ya kuzigeuzia, mnara wa maji, jukwaa la makaa, karakana, na kabini ya ishara. Injini ya mvuke haifiki mbali bila maji, makaa, kuondolewa majivu na kukaguliwa na fundi. Ukiharibu njia, umeichelewesha treni. Ukiharibu banda la injini, umeziharibia safari treni nyingi ambazo bado hazijapangwa.

Jeshi la Ujerumani nchini Ufaransa liliishi kwa reli. Picha za vifaru zimetudanganya sana katika jambo hili, kwani divisheni nyingi za jeshi hilo zilikuwa bado zikivuta mizinga yake kwa farasi, mafuta ya malori yalikuwa haba, na hata kifaru chenyewe kikitembezwa kilomita mia kadhaa barabarani minyororo yake huchakaa kabla ya kuonana na adui. Kifaru, farasi, risasi, mkate, saruji ya ngome za pwani, vyote vilipanda behewa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu wenyewe kuhusu ugumu wa kuiua reli. Katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1915, doria za askari wa Wajerumani zilitoka upande wa Kilimanjaro, zikavuka nyika isiyo na maji na kulipua Reli ya Uganda mara kwa mara katika eneo la Voi na Tsavo. Walikuwa mashujaa, na kiu iliwaua wengine. Lakini mafundi walifika, wakaondoa mabehewa yaliyopinduka, wakaweka mataruma na vyuma vipya, na treni zikaendelea kupita. Si hivyo tu, katika vita hivyo hivyo Waingereza walijenga tawi jipya kutoka Voi kuelekea Taveta. Mwaka uliofuata Wajerumani wakirudi nyuma walivunja madaraja ya Reli ya Kati, na wahandisi wa upande wa pili wakayajenga upya. Hata Kigoma, mwisho wa reli hiyo, ilidondoshewa mabomu mwaka 1916 na ndege za majini za Wabelgiji zilizoruka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Swali lililowakabili wapangaji wa vita mwaka 1944 lilikuwa hilo hasa: kama koleo huvunjwa na kutengenezwa, je, uhunzi wenyewe unaweza kuvunjwa?

Mtu aliyejibu kwamba unaweza alikuwa mwana wa Afrika, ingawa si wa upande wetu. Solly Zuckerman alizaliwa Cape Town mwaka 1904, akasomea anatomia, kisha akahamia Uingereza, ambako alijulikana kwanza kwa utafiti wake juu ya maisha ya nyani. Vita vilipoanza alichunguza jinsi mlipuko unavyomdhuru binadamu, na kutoka hapo akavutwa kwenye swali la jinsi mabomu yanavyodhuru miji na mitambo. Baada ya Sicily na kusini mwa Italia kutekwa mwaka 1943, alipata nafasi ambayo wapangaji wengi hawaipati, yaani kufika mahali palipopigwa na kusoma madaftari ya shirika la reli lenyewe. Alichokiona ni kwamba usafiri wa reli huko ulikuwa umedhoofika zaidi pale ambapo vituo vikubwa vyenye karakana na mabanda ya injini vilipigwa, kuliko pale njia zilipokatwa tu. Injini zilizohitaji matengenezo zilirundikana, wa kuzitengeneza hakuwepo, na mtandao ukakauka kutoka ndani.

Mapendekezo yake yalichukuliwa na Arthur Tedder, naibu wa Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika (Waingereza, Wamarekani na wenzao) katika Ulaya ya magharibi, na yakapingwa vikali na Jenerali Carl Spaatz, kamanda wa ndege nzito za Marekani, aliyetaka nguvu zote zielekezwe kwenye viwanda vya mafuta. Mkutano wa uamuzi ulifanyika London tarehe 25 Machi 1944, na Eisenhower akachagua reli. Baada ya hapo ndipo ubishi mzito zaidi ulipoanza, nao haukuwa wa kijeshi. Baraza la mawaziri la Uingereza liliogopa kwamba makumi ya maelfu ya Wafaransa wangeuawa au kujeruhiwa na watu waliodai kuja kuwakomboa. Winston Churchill alitaka idadi ya watakaokufa isivuke 10,000, akamwandikia Rais Roosevelt mwezi Mei akimwomba aingilie kati, na Roosevelt akajibu kwamba hatawafunga mikono makamanda wake. Jenerali Pierre Koenig, mwakilishi wa Wafaransa Huru huko London, alipoulizwa alisema kwamba watu wake walikuwa tayari kubeba hasara hiyo ili Wajerumani waondoke. Kila ninapolisoma jibu hilo ninaona uzito wake, na pia ninaona kwamba aliyelitoa hakuwa amelala usiku huo kando ya yadi.

Sasa tuje kwenye ndege. Jeshi la Tisa la Anga la Marekani lilikuwa Uingereza likiwa na makundi 11 ya mabomu ya wastani na mepesi: manane yalirusha ndege za B-26, na matatu yalirusha ndege nyepesi zaidi, A-20, iliyotengenezwa na kampuni ya Douglas, ambayo Waingereza waliiita Boston na Wamarekani Havoc. Moja kati ya hayo matatu ni Kundi la 416. Lilianzishwa Februari 1943 katika jimbo la Oklahoma, likiwa na skwadroni nne, kuanzia ya 668 hadi ya 671; likawasili katika uwanja wa Wethersfield, mashambani mwa Essex, mwanzoni mwa 1944; na likaingia vitani mwezi Machi chini ya Kanali Harold Mace. Vijana hao walikuwa wamefunzwa kwa miezi mingi kuruka chini sana, wakiyaparamia malengo yao kwa ghafla, na ndege nyingi walizopewa zilikuwa na bunduki sita nzito zilizopangwa puani kwa ajili ya kazi hiyo. Walipofika Ulaya waliambiwa wasahau. Sababu ilikuwa msiba wa tarehe 17 Mei 1943, ambapo ndege 11 za B-26 zilitumwa kushambulia IJmuiden nchini Uholanzi zikiruka karibu na uso wa maji; moja ilirudi mapema kwa hitilafu, na zile kumi nyingine hakuna hata moja iliyorudi. Tangu hapo ndege za aina hizo zilipandishwa hadi futi 10,000 au 12,000, na zile bunduki sita za puani zikabaki bila kazi kubwa.

Ningependa mkae kidogo ndani ya ndege hii, maana umbo lake linaeleza mengi. A-20 ilikuwa na injini mbili, kila moja yenye nguvu farasi 1,600, na ilikuwa na kasi ambayo ndege nzito haikuifikia. Kwa hiyo marubani wake waliipenda. Lakini kiwiliwili chake kilikuwa chembamba kiasi kwamba rubani aliketi peke yake. Hakukuwa na rubani msaidizi. Wapiga bunduki wawili walikuwa nyuma, wametenganishwa naye na chumba cha mabomu, na katika ndege chache zenye pua ya kioo mlenga mabomu alikuwa mbele yake, katika kichumba chake. Hakuna aliyeweza kumfikia mwenzake ndege ikiwa angani. Rubani akipigwa kichwani au kifuani, hakuna mkono mwingine wa kushika usukani. Waliobaki walisikia ukimya kwenye simu ya ndani, wakaona ndege inaanza kuinama, na wakatakiwa waamue wenyewe kama ni wakati wa kuruka na parachuti.

Lile jambo la pua ya kioo nalo lilikuwa na athari yake. Ndege nyingi za kundi, za aina ya A-20G, hazikuwa na mlenga mabomu wala kifaa cha kulengea. Ziliruka sita sita, na katika kila sita kiongozi ndiye aliyekuwa na A-20J yenye pua ya kioo na kifaa cha Norden. Wengine watano walimtazama yeye. Milango ya chumba chake cha mabomu ikifunguka, nao walifungua. Mabomu yake yakianza kudondoka, nao waliachia. Usahihi wa ndege sita, na pengine uhai wa mtaa mzima, ulikuwa katika macho na vidole vya kijana mmoja aliyeinama nyuma ya kioo.

Mwishoni mwa Mei 1944 zamu ya Amiens ilifika. Mji huo uko kwenye mto Somme, kama kilomita 120 kaskazini mwa Paris, na ukiitazama ramani ya reli ya Ufaransa ya wakati ule utaona kwa nini haukuweza kuachwa. Kusini-mashariki yake, mahali paitwapo Longueau, njia kuu ya kutoka Paris kwenda Arras na Lille ilikutana na njia ya kuelekea pwani na ile ya Laon, na hapo palikuwa na yadi kubwa na banda la injini. Upande wa magharibi palikuwa na kituo cha Saint-Roch, kwenye njia ya kwenda Abbeville na Boulogne na ile ya Rouen. Jeshi la Kumi na Tano la Ujerumani, lililokuwa likilinda pwani kati ya mto Seine na Uholanzi, kama lingetaka kuhamia Normandy, pwani ambako Washirika wangetua mwezi Juni, njia mojawapo iliyo fupi ilipita hapo. Tarehe 27 Mei ndege za Jeshi la Tisa, Kundi la 416 likiwamo, ziliipiga yadi ya Amiens mchana kweupe.

Safari ya namna hiyo ilianza alfajiri au mapema asubuhi, kwenye chumba chenye ramani ukutani, ambako afisa wa ujasusi alionyesha kwa fimbo mahali ilipojulikana kuwapo mizinga ya kutungulia ndege, na mtabiri wa hali ya hewa akaeleza mawingu. Wafungaji mabomu walikuwa wamekesha. Mzigo wa kawaida ulikuwa mabomu manne ya ratili 500 kila moja. Ndege ziliruka moja baada ya nyingine, zikazunguka juu ya Essex mpaka zijipange sita sita na kuwa kumi na nane, kisha kundi zima likaelekea baharini, ambako lilikutana na ndege za kivita za kulisindikiza. Juu ya Ufaransa kiongozi alibadili mwelekeo na kimo kila baada ya sekunde chache, kwa kuwa risasi ya mzinga wa milimita 88 huhitaji muda kupanda hadi kimo hicho, na aliyeko chini hulazimika kukisia ndege itakuwa wapi risasi itakapofika. Ukiyumba kwa wakati wake, unalikosesha kisio hilo.

Ugumu ni kwamba kuna mahali ambapo huwezi kuyumba. Ili mlenga mabomu afanye kazi yake, ndege zote lazima ziende moja kwa moja, kwa kasi moja na kimo kimoja, kwa muda unaoweza kufika dakika moja au mbili. Wapiga mizinga walilijua hilo pia. Walijua kwamba ndege zinazoikaribia yadi zitanyooka, na wakaiweka mizinga yao kuizunguka. Kwa hiyo zile dakika ambazo kazi ilifanyika ndizo ambazo moshi mweusi ulianza kupasuka mbele, pembeni, kisha katikati ya ndege, na vipande vya chuma vikatoboa mabati yake kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia mahali pake akiwa peke yake, amevaa fulana nzito yenye vibao vya chuma na kofia ya chuma kichwani. Nimewasikia watu wakizisifu ndege hizi kwa wepesi wake. Katika dakika zile wepesi huo haukuwa na faida yoyote, na waliozirusha walikuwa vijana wengi wao wa miaka ishirini na kitu, ambao walifanya hivyo, wakarudi, wakalala, na wakaitwa tena.

Chini, mabomu yalipokwisha, kazi ya pili ilianza. Mashimo yalifukiwa kwa udongo na kokoto, vyuma vilivyopinda vikakatwa, na mara nyingi njia moja ya kupita ilifunguliwa baada ya siku moja au mbili. Mtu anayepima shambulio kwa swali la lini treni ya kwanza ilipita angesema halikufaa kitu. Lakini njia moja ya kupita haipangi mabehewa. Pointi zilizoharibika zilibaki zimeharibika, kabini ya ishara iliyoungua ikabadilishwa na mtu mwenye bendera, na meza ya kugeuzia injini ikikwama, injini zote zilizo ndani ya banda zinageuka wafungwa. Wajerumani walilazimika kuleta mafundi wa reli kutoka kwao na kuwaondoa maelfu ya wafanyakazi wa Organisation Todt, shirika lao la ujenzi wa kijeshi, kwenye ujenzi wa ngome za pwani ili wakazibe mashimo ya yadi. Kila mtu aliyekuwa akisukuma toroli la kokoto Amiens au Creil hakuwa akimwaga saruji kwenye ufuo wa Normandy. Na wafanyakazi wa reli wa Kifaransa, ambao Wajerumani hawakuweza kuwakosa, walikuwa na njia zao za kuongeza ucheleweshaji: mchanga ndani ya sanduku la grisi, behewa lililopelekwa kwingine, baruti ya wapiganaji wa siri iliyotegwa kwenye injini iliyokuwa imetoka tu karakana.

Ninawaombeni tuwatazame watu hao, kwa sababu vitabu vingi vya vita vya anga huwapita kwa sentensi moja. Yadi ya reli ya Ulaya haikuwa porini. Ilijengwa katika karne ya 19 pembeni ya mji, kisha mji ukaifuata. Nyumba za wafanyakazi zilipangwa kwa safu kando ya uzio ili fundi wa zamu ya usiku aweze kuitwa kwa kugongewa dirisha, na shule ya watoto wake, kanisa lake na duka lake la mikate vilikuwa hapo hapo. Bomu lililodondoka mita mia mbili nje ya shabaha lilidondoka juu yao. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Aprili 1944 ndege nzito za Uingereza zilishambulia yadi ya Noisy-le-Sec, mashariki mwa Paris, na watu 464 waliuawa. Amiens nayo ilizika mamia ya watu wake mwezi Mei. Katika vita vyote, wanahistoria wengi hukadiria kwamba kati ya raia 50,000 na 70,000 wa Ufaransa waliuawa na mabomu ya Washirika, na masika yale ya reli yalichukua sehemu kubwa ya idadi hiyo.

Ni haki kusema kwamba ndege za wastani na nyepesi, zilizoruka mchana kwa kimo cha chini kuliko zile nzito na kubeba mabomu machache, zililenga vizuri zaidi kwa wastani, na ndiyo maana zilipewa shabaha nyingi zilizobanwa na nyumba. Lakini kuzisafisha kabisa kungekuwa uongo. Ndege sita zilizoachia kwa ishara ya mtu mmoja hukosea pamoja kama zinavyopatia pamoja, na ikiwa kiongozi ametikiswa na mlipuko sekunde moja kabla ya kuachia, mabomu ya wote sita yalihamia mtaa wa pili.

Je, matokeo yalikuwa nini? Kwa hesabu zilizofanywa baada ya vita, ukichukulia usafiri wa reli nchini Ufaransa wa Januari na Februari 1944 kuwa 100, ulishuka hadi 69 katikati ya Mei, na hadi 38 ilipofika tarehe 9 Juni, siku tatu baada ya majeshi kutua Normandy. Divisheni mbili za vifaru vya SS, ya 9 na ya 10, zililetwa mwezi Juni kutoka upande wa mashariki wa vita. Zilivuka Ujerumani nzima kwa treni kwa siku chache, kisha zikatumia muda mrefu zaidi kutoka mashariki ya Ufaransa hadi uwanja wa mapambano. Huo ndio ushahidi ambao mimi huuona wazi kuliko takwimu yoyote, maana askari ni wale wale, vifaru ni vile vile, na kilichobadilika ni reli tu.

Lakini wapo watafiti makini wanaosema kwamba sifa hiyo imepewa yadi isivyostahili, na kwamba yaliyoizuia Ujerumani ni madaraja. Hoja yao si ndogo. Tarehe 7 Mei 1944 ndege za kivita za P-47 ziliangusha daraja la reli la Vernon, kwenye mto Seine, na ikaonekana kwamba daraja linaweza kuangushwa kwa mabomu machache sana kuliko yale yanayohitajika kuilemaza yadi, tena bila kuua mtaa mzima. Katika wiki zilizofuata B-26 na ndege za kivita ziliyavunja madaraja ya reli ya Seine kati ya Paris na bahari, na Normandy ikageuka karibu kisiwa. Maoni yangu, baada ya kuzisoma pande zote mbili, ni kwamba daraja lililoanguka lilifunga mlango, na yadi zilizopigwa ndizo zilizosababisha kusiwe na mtu wa kuufungua wala injini ya kupita. Hata hivyo ninakubali kwamba kama madaraja yangejaribiwa mapema, mwezi Machi badala ya Mei, yadi nyingi zingeweza kuachwa, na watu wengi wa Noisy-le-Sec na Amiens wangeona Agosti ya ukombozi. Wapangaji hawakujua, walidhani daraja ni shabaha nyembamba mno kwa ndege zao. Kutokujua huko kuligharimu maisha, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Kundi la 416 liliendelea. Mwezi Juni lilipiga yadi, njia panda, madaraja na mapito ya reli nyuma ya ufuo wa Normandy, Julai likasaidia majeshi ya ardhini katika maeneo ya Caen na Saint-Lô, na tarehe 6 hadi 9 Agosti, Wajerumani walipokuwa karibu kuzingirwa huko Falaise, lilirushwa siku nne mfululizo dhidi ya madaraja, reli, mabehewa na kituo cha rada, katikati ya mizinga mikali. Kwa siku hizo nne lilipewa nishani ya kundi zima, ile ambayo Marekani huitoa kwa kikosi na si kwa mtu mmoja. Wakati huo amri ilikuwa imepokelewa na Kanali Theodore Aylesworth. Septemba kundi lilihamia Ufaransa yenyewe, kwenye uwanja wa Melun, kusini-mashariki mwa Paris, na Novemba likakabidhiwa ndege mpya aina ya A-26.

Hapo ndipo waliopiga reli walipokutana na kazi yao wakiwa upande wa pili. Majeshi ya Washirika yalivuka Ufaransa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na nyuma yao hapakuwa na reli ya kuyalisha. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944 Wamarekani waliendesha msafara wa malori uliojulikana kama Red Ball Express, usiku na mchana, na madereva wake wengi, takriban robo tatu, walikuwa Wamarekani weusi, ambao jeshi lao lilikuwa bado linawatenga katika vikosi vyao peke yao. Malori hayo yalichoma mafuta mengi ili kupeleka mafuta, matairi yakaisha, watu wakasinzia kwenye usukani. Sambamba na malori, wahandisi wa jeshi na wafanyakazi wa reli wa Ufaransa waliingia katika yadi zile zile, wakazibua njia, wakaweka pointi mpya, wakatoa mabomu ambayo hayakulipuka chini ya mataruma.

Njia zilipona haraka kuliko injini. Vita vilipokwisha shirika la reli la Ufaransa lilibaki na sehemu ndogo tu ya injini zake zikiwa zinafanya kazi. Nyingine zilikuwa zimeungua ndani ya mabanda, nyingine zimechukuliwa Ujerumani. Viwanda vya Marekani na Kanada vikaagizwa kujenga injini 1,340 za mvuke za aina moja, iliyoitwa 141R. Za kwanza ziliteremshwa bandarini mwishoni mwa 1945. Injini 17 zilizama baharini mwaka 1947 pamoja na meli ya Norway, Belpamela, iliyokuwa imezibeba, na zile 1,323 nyingine zilifika, zikasambazwa katika mabanda yaliyokuwa yakijengwa upya, na zikaendelea kuvuta treni za Ufaransa hadi miaka ya 1970.